Daftari la Chombo

Wamenipa kalamu mimi, Nabintu,
kwa kuwa nilifika darasa la sita
na sijawahi kukosea hesabu ya magunia.
Chama chetu cha akina mama wa viazi
kina pesa ya chombo kimoja, si viwili.
Kikao ni Jumamosi, Kadutu, kwa Mama Faida.

Nimechora mstari katikati ya ukurasa.

Kushoto, ile mpya: nyeupe, ya faiba,
pua juu kama mtu aliyesikia harufu ya nyama,
mota mbili mgongoni, viti kama vya kanisa.
Chai uliyokunywa Goma haijashuka tumboni,
unaona mapaa ya Bukavu.

Kulia, ile ya mbao ya fundi Cirhuza,
kiuno kipana cha mama wa watoto tisa,
mota moja ya mazuti inayokohoa usiku kucha,
tu-ku, tu-ku, tu-ku,
tunang'oa jua likizama,
tunafika majogoo ya Nguba yakibishana.

Magunia: nyeupe hubeba ishirini, tena kwa kununa.
Ya mbao hubeba mia mbili,
na mbuzi, na kitanda cha bibi arusi,
na bibi arusi mwenyewe juu ya kitanda.

Mafuta: hapa nimefuta mara tatu.
Nyeupe inakunywa kama shemeji asiyelipa.

Na sufuria, niiandike wapi?
Kwenye ya mbao tunainjika maharage Goma,
tukiwa sambamba na Ijwi yameiva.
Humo Mama Faida alimposea mwanawe:
walianza na ng'ombe kumi,
alfajiri walikuwa sita na jembe.
Nani angesusa kikao, atoke aende wapi?
Maji pande zote.

Kwenye nyeupe upepo unakufunga mdomo.
Tumevaa majaketi ya rangi ya chungwa,
tumepangwa kama kreti za soda.
Nilikaa saa tatu bega kwa bega na msichana mmoja,
aliposhuka ndipo nikamtambua kwa mwendo:
mtoto wa dada ya marehemu mume wangu.
Nilimwita. Mota zilikuwa bado zinanguruma.

Nilikuwa nimeshaanza kujumlisha upande wa kulia.

Lakini Nsimire.
Ijwi, mwezi wa tatu, mimba ya miezi minane,
damu imeloanisha vitenge viwili.
Ya mbao ingepita usiku.
Ilikuwa saa nne asubuhi.
Aliyemchukua ni kijana wa ile nyeupe,
bazoka mdomoni, kofia kinyumenyume,
aliteremsha abiria wawili waliokwisha kulipa
ili alazwe, na hakuuliza pesa hata gatini.
Mtoto padri alimwandika Deogratias.
Sisi tunamwita Mota.

Basi nikaenda kwa Cirhuza, nikitaka anitetee mbao.
Alikuwa chini ya chombo, misumari mdomoni,
anasindika pamba katika ufa ule ule wa mwaka jana.
Akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.
"Siku nilipoifunga hii mota, baba yangu, mtu wa makasia,
hakunisemesha hadi Pasaka."
Nikamuuliza, na ile nyeupe ikipasuka, ataishona nani?
"Sijui. Mimi siijui dawa yake."
Akagonga. Akagonga tena.
"Lakini nikienda Goma napanda hiyo hiyo.
Goti langu, Nabintu. Usiwaambie."

Sijawaambia. Ninaandika tu.

Usiku huu nimekaa na taa ya simu.
Chini ziwani imepita moja, kisha nyingine:
ya kwanza kama kitambaa kinachochanwa,
ya pili, baada ya muda mrefu, ikikohoa.
Nimejumlisha kushoto. Nimejumlisha kulia.
Damu ya Nsimire haina tarakimu,
wala wale ng'ombe wanne waliopungua
kati ya Goma na alfajiri.

Nimechukua raba nifute ule mstari wa katikati.
Karatasi imetoboka.
Jumamosi nitawapelekea hivyo hivyo.